Walioondoka

Binti wa Bi Mkubwa alipewa jina la Ngapi kabla hajaota meno ya utu uzima, na aliyempa ni mama yake mdogo, Chiriku, ambaye naye hakuitwa Chiriku bure. Mtoto ukimwambia ngoja kidogo, anauliza ngapi. Ukimwambia wageni ni wengi, anakwenda mlangoni kuhesabu viatu. "Huyu atakuja kuhesabu nywele za watu," Chiriku akasema, na jina likaganda.

Akasoma, akasoma tena, na kazi aliyoipata ikawa ileile ya ngapi, ila sasa anaifanya na watu wazima wenzake.

Bi Mkubwa alikuwa amehamia kwake tangu magoti yaanze kumgomea, kwa hiyo kazi yenyewe aliiona kwa macho. Ofisi ilikuwa meza ya kulia chakula, ile yenye kitambaa cha plastiki kilichobanduka pembeni. Pazia huvutwa ili mwanga usipige kioo cha kompyuta, na ndani ya kioo vichwa vya watu vimepangwa kama picha za kitambulisho. Wanabishana. Kutwa nzima wanabishana kwa adabu, "naomba nitofautiane kidogo na mwenzangu," "nashukuru, mwenyekiti, ila," kisha mtu akimaliza kusema anasahau kuzima sauti, mnamsikia anafoka nyumbani kwake kwamba nani kaacha bomba wazi.

"Mnagombania nini hasa?" Bi Mkubwa aliuliza siku moja, amekaa kwenye kochi anakunja nguo.

"Neno homa, mama."

"Homa nayo ina ugomvi? Homa si homa?"

"Joto likifika wapi ndiyo homa? Limepimwa kwapani au mdomoni? Hospitali hii inaanzia hapa, ile inaanzia pale. Halafu watu wanataka kujumlisha hesabu zao pamoja."

Akamweleza polepole, maana Bi Mkubwa hakuwa mtu wa kudanganywa kwa maneno makubwa. Akiona hayamwingii anasema hayajaniingia, rudia. Watafiti, Ngapi akasema, wanajaribu dawa huku na huko, na kila mmoja anaandika alichokiona kwa mtindo wake, makaratasi marefu ambayo lazima mtu akae ayasome. Yamekuwa mengi mno. Daktari aliye na mgonjwa kitandani hana wakati wa kuyasoma hata robo yake. Sasa hao watu wa kwenye kioo, wengine madaktari, wengine wa takwimu, wengine wa kompyuta, wanapatana namna moja ya kuandika, ili kompyuta isome yenyewe, ijumlishe yenyewe, na daktari akiuliza leo ajibiwe leo. Wanatengeneza visanduku. Kila jambo na kisanduku chake, na kila kisanduku maana moja tu, popote kitakapofunguliwa.

"Kumbe nyinyi ni maseremala," Bi Mkubwa akasema.

Ngapi akacheka mpaka akazima kamera. Tangu hapo kila jioni mama alimuuliza, "Leo mmepiga randa neno gani?" na mtoto akamjibu, "Leo uvimbe," au, "Leo tumeshindwa, neno lina mafundo."

Ugomvi uliochukua muda mrefu kuliko yote ulikuwa wa kisanduku cha hatujui. Wengine walisema hakuna haja nacho, mtu asipojua aache wazi. Ngapi akakataa katakata. Pakiachwa wazi, akasema, nitajuaje kama mtu alisahau, au hakuuliza, au aliuliza akakosa jibu? Na kusema dawa haisaidii ni jambo moja, kusema hatujui kama inasaidia ni jambo jingine kabisa. Alipigania hilo wiki baada ya wiki kwa sauti ileile ya upole inayochosha watu. Mwisho wakampa. Siku hiyo aliagiza soda, akambusu mama yake kwenye paji la uso. Bi Mkubwa alikunywa soda yake akiwaza kwamba dunia imekwenda mbali sana, ikiwa watu waliosoma wanafanya sherehe kwa kupata mahali pa kuandika hatujui.

Wakati huo Chiriku alikuwa ameshaanza kukohoa.

Mwanzoni wakamtania. Kikohozi kile kilikuwa kinamkatiza hadithi, na Chiriku kukatizwa hadithi ni jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa umelitamani kwa miaka. Shemeji yao mmoja akasema kikohozi hicho kipewe zawadi. Kisha sentensi zikawa fupi. Kisha akawa anaanza neno, anavuta pumzi katikati, analimalizia ng'ambo ya pili. Hapo kicheko kikaisha. Wakampeleka hospitali, akalazwa, na waliompeleka wakarudi na kanga zake mkononi.

Daktari wake alikuwa kijana mrefu mwenye mabega ya kuinama, kama aliyezoea milango mifupi. Aliwaita koridoni, Bi Mkubwa na Ngapi, chini ya ukuta uliopakwa rangi ya kijani mpaka kiunoni. Akasema mapafu ya mama huyu yanakakamaa. Dawa anayopewa ni ya kupunguza tu, haiyarudishi. Ipo nyingine, mpya, iko hata bohari ya hapahapa, lakini ni kali, inaweza kuzipiga figo zikalala moja kwa moja.

"Sasa inaponya au haiponyi?" Bi Mkubwa akauliza.

"Wapo walioitumia, mama. Hospitali kadhaa. Ila kila mmoja ameandika kivyake. Mimi nasikia kuna watu wanaozikusanya ziwe kitu kimoja. Nawasubiri hao."

Bi Mkubwa akamgeukia binti yake. Ngapi alikuwa ameshaweka mkono mdomoni.

"Baba," Bi Mkubwa akamwambia daktari, na sauti yake ikapanda bila yeye kupenda, "hao unaowasubiri ni huyu."

Ngapi hakulilalia jambo hilo. Wale watu wa kwenye kioo walikuwa wakitafuta dawa moja ya kujaribia visanduku vyao, waone kama kweli kompyuta itajumlisha, na kila mtu alikuwa na yake. Ngapi akaomba iwe hii ya mapafu. Akawaambia wazi sababu, kwamba ana mgonjwa, asije mtu akasikia pembeni. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani inayoteleza, akasema wote tuna wagonjwa, bora tuanze na wa mtu kuliko tuanze na wa hewani. Wakakubali.

Hospitali zikaleta hesabu zao. Nyingine zilikuja safi, nyingine zimevurugika kama kabati la wavulana. Ile kubwa kuliko zote, ambayo peke yake ilikuwa na wagonjwa karibu sawa na nyingine zote zikijumlishwa, ilileta za kwake kwa maneno matupu, kama manesi walivyoandika wodini. Kwenye safu ya hatima ya mgonjwa mlikuwa na yupo, mlikuwa na amefariki, na sehemu kubwa ilikuwa ameondoka. Ngapi akawasomea wenzake. Yupo, kisanduku cha bado amelazwa. Amefariki, kinajulikana. Ameondoka, kisanduku cha karuhusiwa, kaenda nyumbani. Kuna mwenye neno? Hakuna aliyekuwa na neno. Wakapiga kura, wakapita, wakaenda kwenye umri.

Alasiri moja kompyuta ikajumlisha. Bi Mkubwa alikuwa jikoni, akasikia kiti kinaanguka.

"Mama! Inasaidia! Waliopewa hii wamerudi nyumbani wengi, wengi sana kuliko wa ile ya zamani!"

"Ngapi?" Bi Mkubwa akauliza, na wote wawili wakaangua kicheko, na Ngapi akalia kidogo ndani ya kicheko hichohicho.

Kesho yake mapema Bi Mkubwa alikuwa wodini. Hakungoja magoti yampe ruhusa. Chiriku alikuwa ameegeshwa kwenye mito, barakoa ya oksijeni imemkaa usoni. Alipomwona dada yake akaivua.

"Umevaa hiyo... gauni? Toka lini... unavaa hiyo?"

"Rudisha kitu chako mdomoni, nina habari."

"Mama!" Nesi wa wodi akapiga kelele toka mwisho wa chumba. "Ukiivua tena naigandisha na gundi!"

Chiriku akairudisha, akamkonyezea dada yake. Bi Mkubwa akamwinamia sikioni, akamwambia yote. Kwamba dawa imejumlishwa. Kwamba aliyejumlisha ni mtoto wao, yule wa kuhesabu viatu. Kwamba watu wamepewa, wameinuka, wamekwenda kwao kwa miguu yao. Haya ya miguu aliongeza mwenyewe, lakini aliona hayana ubaya. Chiriku akamshika mkono, akaubana kwa nguvu ambayo Bi Mkubwa hakujua kama bado anayo, akausukumasukuma kama mtu anayepiga ngoma kimyakimya. Mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna nini, naye akaambiwa, na mama wa kitanda cha tatu akasema basi na mimi niandikwe.

Daktari mrefu akasema akipata majumuisho hayo rasmi, ataanza kesho kutwa.

Sasa, Ngapi ni Ngapi. Mtu mwingine angekwenda kulala. Yeye aliona kwenye hesabu za ile hospitali kubwa kuna wagonjwa wachache hawana umri, akasema asipeleke kwa daktari kitu chenye matundu. Kesho yake akampigia simu nesi mkuu wa wodi iliyotoa hesabu zile. Mikono ilikuwa kwenye kompyuta, kwa hiyo simu akaiweka mezani, sauti wazi, na Bi Mkubwa akasikia kila neno akiwa kwenye kochi lake.

"Sista, samahani kwa usumbufu. Kuna wagonjwa hapa umri wao umekosekana. Ni wale walioondoka."

"Walioondoka," nesi akasema kwa upole, sauti ya mtu mzima. "Maskini. Mungu awarehemu."

Ngapi akaacha kuandika.

"Samahani, Sista. Walioondoka kwenda nyumbani."

"Nyumbani kwa nani, mwanangu?"

"Walioruhusiwa. Walioondoka."

"Aa, sisi aliyeruhusiwa tunaandika karuhusiwa. Aliyeondoka ndiyo ameondoka. Matroni alikataza tusiandike amekufa, maana ubao uko mlangoni, ndugu wanaingia na chupa ya chai wanakutana na neno hilo. Ukali wa nini? Tukawa tunaandika ameondoka."

"Lakini kwenye hesabu mlizotuma, Sista, karuhusiwa haimo hata mara moja. Na amefariki imo."

Nesi akasema, "Ah. Basi hiyo ni zamu ya mwenzangu. Yeye alikuwa mtu wa kunyooka, aliyekufa anaandika amefariki, uwepo ubao usiwepo. Na aliyeruhusiwa... ndiyo, yeye alikuwa anaandika ameondoka. Tuligombana sana juu ya hilo. Na wa kwangu walioruhusiwa, sijui, labda aliyeingiza kwenye kompyuta aliyafananisha yote yawe ameondoka. Alisema anapunguza maneno."

"Kwa hiyo ameondoka ni wote wawili."

"Inategemea nani alikuwa zamu."

"Tunaweza kujua nani alikuwa zamu? Huyo mwenzako yuko wapi?"

"Ameondoka."

Bi Mkubwa aliona mgongo wa binti yake unanyooka kama umepigwa mjeledi.

"Ameondoka vipi, Sista?"

"Kaacha kazi, mwanangu! Yu hai, ana afya yake, anauza mitumba. Lakini atakumbuka nini huyo? Wagonjwa wale wote!"

"Na mafaili yenyewe?"

"Yalipelekwa bohari tulipohamia jengo jipya. Bohari ina ufunguo, ufunguo una mtu, na mtu yuko likizo." Kisha, kwa sauti ya chini, "Kwani mlikuwa mmeyafanyia nini maneno hayo?"

Ngapi alimshukuru vizuri, akamuaga vizuri. Akaifunika kompyuta. Akakaa anatazama kile kitambaa cha plastiki, akianza kukibandua pembeni kwa ukucha, kipande kwa kipande.

"Tulipofiwa na baba," akasema, bila kumtazama mama yake, "niliwapigia simu watu wote mimi. Niliwaambia nini?"

Bi Mkubwa aliyakumbuka maneno yenyewe, baba ameondoka, na hakuona faida ya kuyatamka.

Mkutano uliitishwa siku hiyohiyo. Vichwa vikaja kimoja kimoja, vingine vikiwa njiani ndani ya magari, kimoja nyuma yake kuna ndoo ya kudekia. Ngapi akawaeleza yote bila kujitetea, na mwenyekiti akasema hili si la mtu mmoja, sote tulipiga kura, nani hapa kati yetu hajawahi kusema fulani ameondoka akiwa na maana zote mbili. Mtu wa takwimu, ambaye kwa kawaida hakuwa na maneno, akasema amejaribu. Tukisema walioondoka wote wamekwenda makwao, dawa inaokoa. Tukisema wote wamekufa, dawa inaua. Tukigawa nusu kwa nusu, dawa ni maji ya bomba.

"Kuna namna ya kuchagua kati ya hizo?" mwenyekiti akauliza.

"Kwa kupendelea tu."

Wakaondoa jibu. Mikono yote ikapanda, na wa Ngapi ulipanda wa kwanza. Kisha wakaanza kutunga kanuni mpya, kwamba kuanzia sasa kwenye kisanduku hicho hakuna neno la heshima, hakuna ametutoka, hakuna amepumzika, hakuna ametangulia; ni yu hai au amekufa, na tarehe. Daktari mmoja mama akalalamika, ataandikaje amekufa kwa mtu mzima, kama kuku? Mwenyekiti akasukuma miwani. "Kuku naye anastahili hesabu sahihi. Tuendelee." Kuna waliocheka. Ilikuwa kanuni nzuri, Bi Mkubwa aliona hivyo hata yeye. Ingewafaa wagonjwa wengi sana watakaokuja.

Walipomaliza akauliza, "Kwa hiyo inasaidia au haisaidii?"

"Sijui, mama."

"Usinijibu kama unawajibu hao. Mimi ni mama yako. Inasaidia?"

"Sijui."

"Kidogo tu. Wewe, moyoni mwako. Unaelekea wapi?"

"Moyo wangu unataka isaidie. Huo si ujuzi."

Bi Mkubwa akasimama, magoti yakalia, na hasira ikampanda, hasira ya mtu asiye na wa kumkasirikia. "Nimekupeleka shule. Nimekaa njaa usome. Umemaliza madarasa yote waliyonayo, hakuna lililobaki, umekaa hapa mezani mbele yangu kuniambia sijui? Sijui hata mimi ninayo! Niliikuta nyumbani, sikuisomea!"

Ngapi akawa anakusanya vile vipande vya plastiki, anavirundika kifungu kidogo, na mama yake akaona anavihesabu, na hasira ikamshuka yote kwa mpigo mmoja ikamwacha mtupu. Akaenda akakaa karibu naye. Walikaa hivyo mpaka chumba kikawa giza, maana hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

Njiani kwenda hospitali siku ya pili, Bi Mkubwa alijipanga. Yeye ndiye mkubwa, neno ni lake. Alikuwa amepeleka habari ya furaha kwa mdomo wake, na ilikuwa haki airudishe kwa mdomo uleule. Aliyatunga maneno vizuri kabisa. Walipofika mlango wa wodi hayakuwepo hata moja.

Daktari alikuwa ameshasoma tangazo la kuondoa jibu. Aliwangoja kando ya kitanda, mikono mifukoni. "Nimeona wameliondoa," akasema. "Wamefanya sawa. Lakini sasa tumerudi palepale. Siwezi kumpa mama dawa ya kubahatisha bila ridhaa yake, na siwezi kumnyima akiitaka. Ninyi mnasemaje?"

"Angekuwa mama yako?" Bi Mkubwa akamuuliza.

Kijana akatazama viatu vyake. "Ningemuuliza mtu kama huyu," akasema, akimwonyesha Ngapi kwa kidevu.

Chiriku alikuwa anawatazama wote, zamu kwa zamu, juu ya barakoa. Alikuwa amepungua tangu juzi, au labda ni mwanga tu. Akaivua. Nesi alikuwa karibu, safari hii hakufoka.

"Mnanong'ona nini? Si leo... ndiyo naanza?"

Bi Mkubwa akamshika mguu dada yake juu ya shuka, akaukanda.

Ngapi ndiye aliyesogea. Akapiga magoti pembeni ya kitanda, uso wake usawa na wa mgonjwa.

"Mama mdogo, ile hesabu ilikuwa na kosa. Kuna neno tulilifahamu vibaya. Hatujui tena kama dawa ile inasaidia. Inaweza kusaidia. Inaweza kukudhuru. Sijui."

"Wewe hujui?"

"Sijui, mama mdogo. Nisamehe."

Chiriku akamkazia macho. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Bi Mkubwa akashtuka akidhani ni pumzi, kumbe ni kicheko, kile chake cha zamani, kimekosa sauti tu.

"Umesikia, dada? Ngapi... leo kakosa ngapi!" Akavuta hewa kwenye barakoa, akaitoa tena. "Basi sinywi."

"Mama," daktari akasema, "ni lazima uelewe, hata kutokunywa nako—"

"Sinywi kitu ambacho... mwanangu hakijui. Huyu nimembeba... namjua. Hakosi. Akikosa... anarudi kuhesabu upya." Akamwekea Ngapi mkono kichwani. Mkono wenyewe ulikuwa mwepesi kama kitambaa kilichokauka kambani. "Nitakungoja. Wewe tafuta. Ukishajua uje... uniambie mwenyewe. Siku hiyo... nanywa hata chupa nzima."

Akarudisha barakoa, akafumba macho, ametulia kama mtu aliyemaliza shughuli.

Daktari alimtazama Ngapi, na Ngapi akamtazama daktari, na Bi Mkubwa, ambaye hakusoma sana lakini nyuso alizisoma tangu zamani, akaelewa walichoambiana. Kule kutafuta, bohari na ufunguo na nesi wa mitumba na hospitali nyingine huenda nazo zina maneno yao, hakuna aliyejua kungekwisha lini. Pumzi ya Chiriku ilikuwa na siku za kuhesabika.

Palikuwa na jambo la kusema, na mtu wa kulisema alikuwa yeye. Usimngoje. Ndilo neno lenyewe, fupi, hata mtoto angelibeba. Lakini akishalisema, Chiriku atauliza, basi ninywe? Na hapo yeye atajibu nini? Akaukanda ule mguu. Akaukanda mpaka shuka likajikunja.

"Nitaandika kwamba mgonjwa ameamua kusubiri," daktari akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kwa mlango aliougonga kichwa.

Koridoni, Ngapi alikuwa ameshakaa kwenye benchi na simu sikioni. Alipiga ile hospitali kubwa, akapewa namba ya masijala, akapiga masijala, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mtu akapokea, akamwambia maombi ya mafaili ya zamani ni kwa barua yenye mhuri, siyo simu. Akauliza barua inachukua muda gani. Mtu akasema inategemea. Inategemea nini? Mtu akasema, dada, mimi nimeulizwa nimejibu. Ngapi akashukuru, akaanza kutafuta namba ya nesi wa mitumba.

Bi Mkubwa akasimama mbele yake na mkoba. "Nikuletee maji?"

Ngapi akatikisa kichwa, hakuinua macho.

"Nikuandikie namba? Nipe hata kalamu nishike."

"Rudi ndani ukae naye, mama. Hapa huna la kufanya."

Alisema kweli, na hakusema kwa ubaya. Bi Mkubwa akarudi. Wakati wa kuona wagonjwa ulikuwa unakaribia kwisha, watu walikuwa wanabusiana, wanakusanya vyombo. Alivuta kiti taratibu, lakini Chiriku alifumbua macho.

"Amejua?"

"Anatafuta," Bi Mkubwa akasema. "Yuko kwenye simu hapo nje."

Chiriku akasogeza barakoa kidogo pembeni, kiasi cha neno kupita.

"Mwambie... asiharakishe. Asije akakosea."

Bi Mkubwa akasema atamwambia.